Kuhamia tangi kubwa la samaki wa bahari: siku moja, kando kando, au kwa bomba?

Wafugaji wa samaki wa bahari majumbani hapa Malindi si wengi, lakini karibu wote hufika njia panda hiyohiyo. Tangi la kwanza lilikuwa dogo kwa sababu ya mfuko. Kangaja aliyeingia akiwa na upana wa kidole gumba sasa anageuka kwa taabu, matumbawe yanasukumana, na fundi wa vioo ameshapewa arubuni ya tangi kubwa. Kuhama kumeshaamuliwa. Kilichobaki ni namna ya kuhama.

Njia zinazotumika sana ni tatu: kuhamisha kila kitu kwa siku moja, kulianzisha tangi jipya peke yake mpaka liive, yaani lijenge bakteria wa kulisafisha, ndipo samaki wafuate, au kuyaunganisha matangi mawili kwa bomba yatumie maji mamoja kwa wiki kadhaa. Zote tatu zinafaulu na zote tatu zinaweza kuua samaki. Mara nyingi kinacholeta tofauti ni nyumba: kama ina nafasi, kama stima inakaa, na kama maji safi ya bahari yanapatikana mwezi huo.

Ili hesabu zieleweke nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tangi la zamani lina sentimita 80 kwa 40 kwa 45, yaani lita 144. Jipya lina 120 kwa 60 kwa 60, lita 432. Hizo ni lita za tangi tupu. Mawe na mchanga vitakula sehemu yake.

Vya kupima kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni bakteria, na hiki ndicho kinachobeba vingine vyote. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wamejishika kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji ya chujio. Ndiyo maana mtu anaweza kubeba maji yote ya zamani kwa uangalifu mkubwa, asimwage hata kikombe, na bado samaki wakafa kwa sababu mawe aliyaacha kibarazani yakakauka. Wafugaji wengi huyalinda maji na kuyasahau mawe. Inafaa iwe kinyume chake.

Na kwetu amonia ina makali zaidi. Sumu yake hupanda pH inapopanda na joto linapopanda. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na nyumba zetu ni nyuzi 28 kwenda juu. Amonia ileile ambayo kwenye tangi la maji matamu lenye pH 7 ingekuwa tahadhari tu, kwenye tangi la bahari ina sumu zaidi ya mara kumi.

Cha pili ni nafasi na uzito. Lita 432 za maji ya bahari ni kama kilo 440. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tangi la vipimo hivyo linakula karibu mita tatu za mraba, basi ongeza kilo themanini na kitu. Weka mawe, mchanga na meza, umeshavuka nusu tani. Sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi haina neno. Lakini ghorofani kwenye nyumba ya kale ya mawe, yenye dari la boriti za mikoko, kama zile za mji wa kale wa Lamu, mwite kwanza fundi anayezijua nyumba hizo, na wazo la kuweka matangi mawili chumba kimoja liache kabisa.

Cha tatu ni maji mapya: utahitaji mengi kiasi gani, utayatoa wapi, na msimu gani. Cha nne ni stima. Njia moja inahimili stima ikipotea kwa muda wa saa tatu, nyingine inaweza kumwaga maji sebuleni stima ikipotea au ikirudi. Cha tano ni viumbe ulivyo navyo: samaki wanne wagumu si sawa na anemoni, mnyama laini mwenye minyiri, aliyejishika kwenye jiwe moja tangu mwaka juzi.

Njia ya kwanza: kila kitu kwa siku moja

Inavyofanyika. Maji mapya yameshakaa tayari siku mbili tatu kwenye mapipa, yana chumvi na joto sawa na ya zamani, na pampu inayazungusha. Asubuhi na mapema unafyonza kwa mpira maji safi ya juu kutoka tangi la zamani, unayaweka kwenye mapipa na ndoo pana. Mawe yanatoka na matumbawe yake, yanazama ndani ya maji hayo papo hapo. Samaki unawaacha mpaka mwisho, maji yakiwa yamebaki kiganja kimoja na hakuna jiwe la kujifichia; hapo unawakinga kwa bakuli bila mbio. Ukianza na samaki, utawafukuza nusu saa kati ya mawe na watahama wakiwa wameshachoka. Ndoo zifunikwe, kwa sababu samaki aliyeshtuka huruka. Kisha kwenye tangi jipya mawe yanakaa kwanza juu ya kioo, mchanga unazunguka baadaye, maji yanafuata, na pampu zinawashwa.

Amonia. Hapa njia hii ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mawe yakibaki mabichi muda wote, bakteria karibu wote wamehama nawe, na samaki ni walewale, basi mzigo ni uleule. Mtego uko kwenye mchanga. Chota kikombe cha mchanga wa zamani kutoka pembeni mwa tangi ukitazame kwenye mwanga: juu ni mweupe, katikati una rangi ya majivu, na chini kabisa, pale ulipolala juu ya kioo, ni mweusi. Ule weusi unanuka mayai viza. Ni haidrojeni salfaidi, hewa ya sumu inayotokea mahali oksijeni isipofika, pamoja na uchafu uliozikwa muda mrefu ambao ukitibuliwa hutoa amonia kwa wingi. Mtu akiumwaga mchanga huo wote kwenye tangi jipya, maji yanageuka kijivu, na jioni samaki wanahema juujuu. Mimi naona mchanga wa zamani uachwe, utumike mpya uliooshwa, na uchukuliwe kikombe kimoja au viwili tu vya tabaka la juu ili wadudu wadogo wa mchangani wahamie.

Maji. Unahitaji takriban lita 290 mpya, mitungi kama kumi na mitano ya lita 20, pungufu kidogo kwa ajili ya mawe. Kati ya njia zote hii ndiyo inayotumia kidogo.

Nafasi na stima. Tangi jipya linaweza kukaa palepale pa zamani, na kwa nyumba nyingi za kupanga hilo pekee linamaliza ubishi. Hatari iko katikati ya kazi: samaki wako kwenye ndoo, stima inapotea. Maji ya moto yenye chumvi hushika oksijeni kidogo, na ndoo ya lita 20 yenye samaki watatu haichukui muda kuchoka. Pampu ndogo za hewa za betri, moja kwa kila ndoo, ziwe zimejaribiwa jana yake. Pampu mpya ndani ya boksi yenye betri zilizokwisha haitakusaidia.

Inamfaa nani. Mwenye chumba kimoja cha kuweka tangi, mwenye mawe ya kutosha yaliyokomaa, na mwenye ndugu au marafiki wawili wa kusaidia kubeba. Haimfai aliye peke yake, wala mwenye kazi ya kurudi saa nane mchana. Ukishaanza huachi katikati.

Njia ya pili: tangi jipya liive kando

Inavyofanyika. Tangi jipya linasimama mahali pake pa kudumu, linajazwa maji na mawe mapya, na linalishwa amonia bila samaki. Wengi hutupia kipande cha kamba wa baharini kikaoza humo. Unapima kila baada ya siku chache: amonia inapanda, inashuka, nitriti inapanda, inashuka, na mwisho inabaki nitrati peke yake. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Kioo kitavaa utando wa kahawia siku za mwanzo. Hiyo ni miani midogo ya maji mapya, itaondoka yenyewe. Amonia na nitriti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, hata baada ya kuongeza amonia nyingine, samaki wanaanza kuhama kidogo kidogo.

Hapa linakuja swali la mawe mapya yatoke wapi. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hutoi jiwe, tumbawe, gome wala mchanga. Nje ya hifadhi pia sioni sababu ya kung'oa mwamba ulio hai kwa ajili ya sebule. Ukoo wa jiwe hilo tunao nchi kavu: mawe tunayojengea nyumba pwani ni mwamba wa matumbawe wa zama za kale, na asili yake ni chokaa ileile. Vipande vyenye matundu mengi kutoka machimboni, vikasuguliwa kwa brashi, vikaloweshwa wiki kadhaa kwa maji yanayobadilishwa, vinafaa kabisa. Havina bakteria bado. Ndiyo maana njia hii inataka muda.

Amonia. Ukiwa na subira ndiyo njia tulivu kuliko zote, kwa sababu samaki hawaingii mpaka kipimo kiseme waingie, na kukitokea kosa tangi la zamani bado liko hai pembeni. Mtego wake ni wa aina nyingine. Mtu anataka kuharakisha, anachukua nusu ya mawe ya zamani anayapeleka tangi jipya. Tangi jipya linaiva upesi kweli, lakini la zamani, lenye samaki wote, limebaki na nusu ya bakteria. Ukitaka kupanda mbegu, peleka jiwe moja dogo na sponji moja ya chujio, vinatosha.

Maji. Unajaza tangi zima, mitungi ishirini na zaidi, na wakati huohuo unaendelea kulitunza la zamani. Halafu kuna tofauti inayokua polepole bila mtu kuona: la zamani limekaa muda mrefu, maji yamepungua kwa mvuke na kuongezwa kwa kukisia, chumvi yake imepanda. Jipya ni la juzi. Kabla ya kuhamisha samaki yeyote, pima yote mawili kwa kipima chumvi kilekile. Bahari ya nje hapa iko karibu gramu 35 kwa lita. La zamani likisoma juu ya hapo, lishushe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha samaki mpe tone tone la maji mapya ndani ya ndoo, kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, kama saa moja.

Nafasi na stima. Unahitaji sehemu mbili za kuweka matangi, pampu za ziada, na tokeni zitakwenda mbio mwezi huo. Stima ikipotea hakuna kinachomwagika.

Inamfaa nani. Asiye na haraka, anayebadilisha mahali pa tangi au nyumba nzima, na mwenye samaki wagomvi. Hili la ugomvi lina uzito wake: ukihamisha wapole kwanza, wakajua mapango yao, kisha kikande, samaki mgomvi, akaja wa mwisho, yeye ndiye mgeni. Mwenye nyumba ya kulaza wageni, ambaye hawezi kukaa na tangi tupu na ndoo zilizozagaa mapokezi, njia hii inamwachia la zamani likiendelea kupendeza mpaka siku ya mwisho.

Njia ya tatu: kuyaunganisha kwa bomba

Inavyofanyika. Tangi jipya linakaa juu ya meza ndefu, la zamani linabaki chini yake au ubavuni kwa usawa wa chini. Kioo cha nyuma cha jipya kina tundu karibu na ukingo. Maji yakifika kwenye tundu yanashuka kwa bomba hadi tangi la zamani, na pampu iliyo ndani ya la zamani inayarudisha juu. Kuanzia siku hiyo ni maji mamoja: chumvi moja, joto moja, pH moja. Mawe unayahamisha moja baada ya jingine, wiki hii mawili, wiki ijayo matatu. Mwisho la zamani likibaki bila samaki unaliacha palepale kuwa tangi la chini la kufichia skima, chombo kinachotoa uchafu kwa povu, na chujio.

Amonia. Hakuna mshtuko, kwa kuwa bakteria wa mawe ya zamani wanasafisha maji ya matangi yote mawili tangu saa ya kwanza, na samaki hawajaongezeka. Mchanga wa zamani haujaguswa. Utaushughulikia mwisho, kidogo kidogo, ukiufyonza kwa mpira pamoja na maji machafu.

Maji. Mengi kama njia ya pili, ila hapa unayachanganya na ya zamani. Usiwashe pampu mpaka chumvi na joto vya pande zote mbili viwe sawa, maana ukishawasha vinachanganyika ndani ya dakika chache.

Nafasi na stima. Hapa ndipo njia hii inapochuja watu. Stima ikipotea, pampu inasimama, lakini maji ya tangi la juu yanaendelea kushuka mpaka yafike chini ya tundu. Tuseme yanashuka sentimita 3. Kwenye tangi la 120 kwa 60 hizo ni lita 21 na nusu. Zikiingia kwenye tangi la chini la 80 kwa 40, zinapandisha maji karibu sentimita 7. Kama tangi la chini lilikuwa limejaa hadi sentimita 5 kutoka ukingoni, zulia limelowa. Liache na nafasi ya sentimita 10 au zaidi, zima pampu makusudi ukiwa nyumbani, tazama maji yanaishia wapi, weka alama kwa tepu. Bomba la kurudisha maji nalo litoboe katundu kadogo chini kidogo ya uso wa maji ya juu. Bila katundu hako, bomba litafyonza kinyumenyume na kuliteremsha tangi la juu hadi pale mdomo wake ulipo. Katundu hako huzibwa na konokono na miani, kwa hiyo kakaguliwe kila wiki.

Na usijaribu kukwepa kutoboa kioo kwa kuning'iniza mpira wa kufyonza ukingoni. Stima ikikatika hewa inaweza kuingia kwenye mpira, na ikirudi pampu inaendelea kupandisha maji wakati mpira haushushi tena. Kwa mji ambao stima hupotea na kurudi mtu akiwa kazini, mpira huo sitaushauri kwa yeyote.

Inamfaa nani. Mwenye matumbawe mengi na anemoni, ambao mabadiliko ya ghafla huwaumiza kuliko samaki. Mwenye mkono wa ufundi au jamaa fundi bomba. Na mwenye sakafu ya chini, kwani uzito wa matangi yote mawili unakaa mahali pamoja kwa muda wote. Asiyependa kushika tepu na bomba, aipite.

Yanayozihusu zote tatu

Tangi lenyewe. Kama utatoboa, mwambie fundi kabla hajakata kioo, na kisiwe kile kigumu cha usalama, ambacho kikiguswa na keekee hupasuka chote vipande vipande. Silikoni ndiyo wengi wanayoisahau. Muulize waziwazi: "Fundi, hii silikoni ni ya nini?" Akijibu, "Ya kioo mzee, hata bafuni inashika," omba kulisoma kopo. Silikoni za bafuni nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Unayoitaka hunuka siki wakati wa kukauka. Ipe wiki nzima, kisha jaza maji ya bomba uliangalie tangi siku mbili tatu nje, mahali palipo sawasawa, kabla halijaingia ndani.

Meza nayo. Chuma kisichopakwa rangi vizuri hakidumu na hewa yetu ya chumvi. Mbao ngumu za mvule au mbambakofi zina gharama lakini hutazirudia. Soketi ziwe juu ya usawa wa maji au nyaya zining'inie chini kwanza kabla ya kupanda, ili tone likiteremka kwenye waya lidondoke sakafuni.

Anemoni, njia yoyote, hahamishwi kwa kung'olewa mguu. Anahama na jiwe lake. Na midomo ya pampu ivae sponji, kwa sababu akihamia mahali papya hutembea usiku akitafuta pa kukaa.

Maji ya bahari au chumvi ya paketi

Tungekuwa Nairobi swali hili lisingekuwepo. Sisi bahari iko mtaa wa pili, lakini si kila siku bahari hiyo inafaa.

Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini mwa mji, na unabeba udongo wa kutoka bara, Ukambani na kwingineko. Mvua zikinyesha huko juu, unashuka mwekundu. Wakati wa kaskazi, upepo na mkondo huyasukuma maji hayo kusini, kwenye ghuba ya Malindi na fukwe zake. Wakati wa kusi yanasukumwa upande wa Ngomeni. Kwa hiyo baada ya vuli nzito, Desemba na Januari, maji ya ufukweni yanaweza kuwa rangi ya chai ya maziwa, na hayo hayaingii kwenye tangi la mtu. Miezi mizuri ya kuteka ni baada ya masika, Agosti hadi Oktoba: mto umepungua, kusi inaupeleka mbali nasi, na bahari ina ubaridi, jambo linalowasaidia hata samaki wanaohama.

Teka maji yakijaa, kwani yanayoingia yametoka nje ya mwamba. Bamvua hutibua mchanga sana. Siku za maji mafu huwa meupe zaidi. Kaa mbali na mdomo wa mto, mbali na gati na boti zinazodondosha dizeli. Lililo jepesi zaidi ni kumwomba mvuvi akujazie mitungi akiwa nje ya mwamba, lakini mitungi iwe yako. Mingi iliyo kwenye mashua ilishabeba petroli. Nyumbani yachuje kwa kitambaa cheupe cha pamba, yaweke kwenye pipa lililofunikwa lisipate mwanga, pampu ndogo ikiyatikisa, kama wiki moja. Viumbe vidogo vitakufa, vumbi litatulia chini, nawe unatumia ya juu.

Chumvi ya paketi ina gharama na mara nyingi huagizwa mbali, lakini haijui kaskazi wala kusi. Inachanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya maduka ya kujaza mitungi ya kunywa. Maji ya visima vyetu yana chumvi zake na mengineyo, na ya bomba yana klorini inayotaka kukaa wazi na kutikiswa siku nzima kwanza. Kwa lita 290 za njia ya kwanza, mwenye uwezo anaweza kulipa. Kwa tangi zima la lita 432, pamoja na kubadilisha maji kila mwezi baadaye, wengi hapa huchanganya: paketi miezi ya maji machafu, bahari miezi mingine. Samaki hawaoni tofauti ikiwa kipima chumvi kimesoma sawa.

Kwa hali yako

Unakaa nyumba ya kupanga, sebule moja, tangi jipya litakaa palepale, na mawe yako yamekomaa: njia ya kwanza, Jumamosi ya Agosti au Septemba, ukiwa na wasaidizi na mchanga mpya. Wiki ya kwanza lisha kidogo na pima amonia kila siku. Ikionekana, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo.

Unahama na nyumba pia, au una samaki wanaopigana, au tangi liko mbele ya wageni: njia ya pili. Usilipangie tarehe ya kuhamisha samaki. Kipimo ndicho kitakachopanga.

Una matumbawe mengi na anemoni, sakafu ni ya chini, na kuna mtu nyumbani mchana: njia ya tatu, tangi likiwa limetobolewa na jaribio la kuzima pampu limefanywa si chini ya mara tatu. Kama mchana nyumba hufungwa, nakushauri urudi kwenye ya pili hata kama matumbawe yatakusumbua kidogo.

Uko ghorofani kwenye nyumba ya boriti: njia ya kwanza ndiyo pekee isiyoweka matangi mawili juu ya dari moja, na hata hiyo ni baada ya fundi kukubali uzito. Mara nyingine jibu lake litakuwa tangi refu jembamba ukutani badala ya pana katikati, au lita 250 badala ya 432. Tosheka na hizo.

Na kama tangi limeshafika, ni Januari, na maji ya ufukweni ni mekundu, hujachelewa kitu. Liache na maji ya bomba likionyesha kama linavuja, lowesha mawe ya machimboni, kanunue pampu za betri. Ukishindwa kabisa kungoja kusi, nunua chumvi ya paketi, lakini usiteke yale mekundu kwa kuwa ni ya bure.